Mwenzako akiondoka, pango linabaki zima

Na Mwandishi Wetu, London

Katika miaka tuliyoishi Uingereza tumechangia harambee nyingi kuliko tunavyoweza kuhesabu. Tumechangia kusafirisha maiti kwenda Tanga, Pemba, Lamu na Bujumbura. Tumechangia arusi, hitima na matibabu ya watu ambao hatujawahi kuwaona kwa macho. Simu ikipigwa saa nne usiku kwamba mwenzetu kafiwa, kabla ya saa sita fedha zimeanza kuingia. Lakini mpaka leo hatujapata kuitwa kwenye harambee ya mtu aliyeachwa na mwenzake, akabaki peke yake na nyumba ya pauni 960 kwa mwezi huku yeye ni mwanafunzi. Watu hao wapo, tena si wachache. Hawasemi, kwa sababu maiti haina aibu lakini kuachwa kuna aibu.

Tunazungumzia watu wazima. Kijana wa miaka 19 akigombana na mpenzi wake hubeba begi lake, akarudi kwa mama yake hadi hasira ziishe. Mtu wa miaka 40 aliyekuja nchi hii na vyeti ambavyo hakuna aliyevitambua, akafagia ofisi na kulea wazee wa watu kwa miaka kumi, kisha akajikaza kurudi darasani kusomea uuguzi, ustawi wa jamii au sheria, huyo hana pa kurudi. Na kwa kawaida aliingia chuoni kwa hesabu ya watu wawili: mmoja afanye kazi, mwingine asome, halafu mambo yatanyooka. Hesabu hiyo ikivunjika katikati ya mwaka wa masomo, yanayofuata hutegemea sana kile atakachokifanya katika wiki chache za mwanzo, yaani wiki zile zile ambazo mtu hataki hata kufungua barua.

Tumchukue dada mmoja tunayemfahamu. Ametukubalia tuandike habari zake kwa sharti la kutomtaja jina wala mji, basi tutasema tu kwamba hakai London, ni mzaliwa wa Tanga, na mwaka 2024 alikuwa na umri wa miaka 41. Ana watoto wawili ambao wanalelewa na bibi yao Tanga. Alianza shahada ya uuguzi mwaka 2023. Mwenzake alikuwa dereva wa lori, mapato yake kama pauni 40,000 kwa mwaka. Walipanga nyumba ya vyumba viwili, mkataba wa miezi 12 kuanzia Agosti 2024, majina yote mawili yakaandikwa. Katikati ya Novemba bwana akafunga sanduku lake. Hatutaingia katika sababu. Mwenye kisa hakutaka, na sisi si kadhi.

Majina mawili, deni moja

Kosa la kwanza ambalo karibu kila mtu hulifanya ni kugawa pango kwa akili ya nyumbani. Tulikuwa wawili, pango ni 960, basi fungu langu ni 480. Dada huyu alilipa 480 Desemba, akalipa 480 Januari, akaamini amemaliza wajibu wake na kwamba mwenye nyumba atamtafuta yule mwingine. Februari ikaja barua ya malimbikizo ya pauni 960 yenye majina yote mawili, ikapokelewa na mtu mmoja.

Sheria ya England haigawi hivyo. Wapangaji wa pamoja kila mmoja anadaiwa pango lote. Mwenye nyumba ana haki ya kumfuata yeyote kati yao kwa deni zima, na kwa kawaida humfuata anayepatikana kwa urahisi, yaani aliyebaki ndani. Aliyebaki anaweza kumdai mwenzake fungu lake mahakamani, lakini hilo ni jambo lao wawili. Yule aliyeondoka naye asijidanganye: kutoa nguo zake kabatini hakutoi jina lake kwenye mkataba, na deni likienda mahakamani linamfuata huko aliko.

Amana nayo ni vivyo hivyo. Kwa sheria iliyoanza Juni 2019, amana haitakiwi kuzidi pango la wiki tano pale ambapo pango la mwaka halifiki pauni 50,000, na tangu Aprili 2007 mwenye nyumba analazimika kuiweka chini ya mpango wa hifadhi unaotambuliwa na serikali. Kwa nyumba ya 960 wiki tano ni pauni 1,107. Wengi hudhani mmoja akihama mwenye nyumba atamrudishia nusu yake. Halazimiki. Amana ni ya mkataba, nayo hukaa mpaka upangaji wote umalizike, kisha hukatwa malimbikizo na uharibifu kwanza.

Mke kwa mkopo, si mke kwa nyumba

Hapa ndipo tunapoomba msomaji atulie kidogo, kwani ndipo jamii yetu inapoumia zaidi kuliko wengine.

Dada huyu na mwenzake walioana mwaka 2019 sebuleni kwa rafiki yao, mbele ya sheikh, mashahidi na sinia mbili za pilau. Mahari ilitolewa. Kwa wazee wa Tanga ni ndoa isiyo na shaka. Kwa sheria ya England si ndoa. Jambo hili lilifika Mahakama ya Rufaa katika shauri la mama mmoja aliyefunga ndoa ya Kiislamu mwaka 1998 katika mgahawa hapa London na kuzaa na mumewe watoto wanne. Februari 2020 majaji waliamua kwamba sherehe ile haikuunda ndoa yoyote kisheria, hata ndoa batili haikuwa. Wala England haina ile dhana ya Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, kifungu cha 160, ambayo humchukulia mwanamume na mwanamke walioishi pamoja miaka miwili na kujulikana kama mke na mume kuwa wameoana, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Hapa mnaweza kukaa pamoja miaka ishirini mkabaki kuwa wakaazi wa nyumba moja.

Tofauti yake inaonekana kwenye pango. Mke au mume wa ndoa halali, hata kama jina lake halipo kwenye mkataba, ana haki chini ya Sheria ya Familia ya mwaka 1996 ya kubaki katika nyumba ya ndoa, na akilipa pango mwenye nyumba analazimika kulipokea kana kwamba limelipwa na mpangaji mwenyewe. Asiye mke halali na asiye na jina kwenye mkataba hana haki hiyo. Anaweza kuiomba mahakama amri ya kukaa, ambayo hutolewa kwa muda usiozidi miezi sita na kuongezwa mara moja tu. Tunawajua kina mama waliolipa pango kwa miaka kupitia akaunti ya bwana, na siku bwana alipoondoka wakaambiwa na dalali kwamba hawatambui.

Ndoa iliyofungwa Zanzibar, Mombasa au Dar es Salaam kwa kufuata sheria ya huko ni habari nyingine. Hiyo kwa kawaida inatambuliwa hapa. Kwa hiyo cheti kilichosahaulika ndani ya sanduku la bibi kinaweza kuwa na thamani kubwa kuliko mtu anavyodhani, na nauli ya kukituma kwa DHL ni fedha iliyotumika vizuri.

Sasa sikilizeni upande wa pili. Mwanafunzi mwenye umri wa miaka 25 au zaidi anapoomba mkopo wa kujikimu, serikali hutazama mapato ya mwenza anayeishi naye kama mke na mume, wawe wameoana au hawakuoana. Kwa hiyo ndoa ile ya sebuleni, ambayo haikumpa dada yetu haki hata moja ya mke, ilitosha kabisa kumpunguzia mkopo. Kwa mwaka wa masomo 2024/25 kiwango cha juu cha mkopo kwa anayeishi nje ya London kilikuwa pauni 10,227. Hupatikana kamili pale mapato ya nyumba yasipozidi pauni 25,000. Kwa mshahara wa dereva wa lori, yeye alipata zaidi kidogo tu ya 8,000.

Bwana akaondoka na mshahara wake, lakini mshahara huo ukaendelea kuhesabiwa. Hakuna anayewajulisha wakopeshaji isipokuwa mwanafunzi mwenyewe. Utaratibu upo: unaarifu kwamba mmetengana, unaleta ushahidi, na mapato ya mwenza yanahesabiwa kwa zile wiki tu za mwaka wa masomo mlizokuwa bado pamoja. Kwa waliotengana Novemba wiki hizo ni chache, na mkopo hurudi kuwa kamili. Kwa dada huyu tofauti ilikuwa karibu pauni 2,200 kwa mwaka, zaidi ya pango la miezi miwili. Alikuja kulijua hilo Machi, kwa kuambiwa na mshauri wa chama cha wanafunzi ambaye alikuwa na nusu ya umri wake.

Kalenda mbili

Hata mkopo ukiwa kamili, tatizo jingine linabaki. Mwenye nyumba hudai mara 12 kwa mwaka. Mkopo huingia mara tatu, mwanzoni mwa kila muhula: Septemba, Januari na Aprili. Kati ya awamu ya Aprili na ile ya Septemba kuna miezi mitano. Mwenye mwenza mwenye mshahara haoni pengo hilo, kwani mshahara wa kila mwezi huliziba. Akibaki peke yake ndipo anapoligundua, na mara nyingi huligundua Juni.

Tupige hesabu yake kwa uwazi. Mkopo kamili wa 10,227 ukigawanywa kwa miezi 12 ni pauni 852. Wanafunzi wa uuguzi, waliopoteza posho yao ya zamani mwaka 2017, hupewa tangu Septemba 2020 ruzuku ya pauni 5,000 kwa mwaka ambayo hairudishwi; kwa mwezi ni kama 416. Jumla 1,268. Toa pango la 960, inabaki 308 ya chakula, umeme, gesi, basi la kwenda hospitali kwenye mafunzo, na pauni 100 za Tanga, ambazo mama hazisitishi hata kama yeye atakula mkate mkavu. Na hii ni baada ya mkopo kurekebishwa. Kabla ya hapo ilikuwa inabaki kama 120. Alifanya kazi za kulea wazee Jumamosi na Jumapili, lakini katika masomo ya uuguzi nusu ya muda ni wodini, zamu za mchana na za usiku zisizolipwa, na mtu ana mwili mmoja.

Watoto wa Tanga hawaingii katika hesabu ya mtu yeyote. Wangekuwa hapa wakiishi naye, mlango wa Universal Credit ungefunguka kidogo, kwani mwanafunzi wa muda wote hanyimwi msaada huo iwapo analea mtoto. Mkopo wenyewe ungehesabiwa kama mapato, isipokuwa pauni 110 za kila mwezi na sehemu maalumu ya mkopo wa wazazi walio peke yao. Pia kuna ruzuku inayolipa hadi asilimia 85 ya gharama za kulea watoto wakati wa masomo. Lakini watoto waliolala kwa bibi yao kilomita elfu kadhaa kutoka hapa, kwa makaratasi ya Uingereza, hawapo. Dada yetu ni mwanamke mmoja, hana mtoto, ni mwanafunzi. Kwa hiyo hastahili.

Kodi isiyodaiwa

Kuna jambo moja ambalo kuondoka kwa bwana kulilifanya kuwa jepesi, nalo ni kodi ya kaunsili. Nyumba inayokaliwa na wanafunzi wa muda wote peke yao haidaiwi kodi hiyo kabisa. Wakati dereva alipokuwa akiishi pale, nyumba ilihesabiwa kuwa na mtu mzima mmoja, yaani yeye, ikapata punguzo la asilimia 25. Siku aliyohama ikastahili msamaha kamili. Anayesoma kozi ya angalau mwaka mmoja, kwa wastani wa saa 21 kwa wiki katika wiki zisizopungua 24, anachukua barua chuoni na kuipeleka kaunsili. Dada huyu alikuwa analipa mpaka Februari kwa sababu ankara iliendelea kuja, na sisi Waswahili ankara ya serikali tunaiogopa kuliko mkwe. Alirudishiwa.

Tunajua pia kwamba wapo wanaoogopa kuomba kwa kuwa viza yao imeandikwa kwamba hawaruhusiwi kupata msaada wa umma. Msamaha wa mwanafunzi na lile punguzo la mtu mmoja si msaada wa umma kwa maana ya uhamiaji. Punguzo linalotolewa kwa kuangalia umaskini wa mtu, hilo ndilo linalokatazwa. Mifuko ya dharura ya vyuo nayo kwa kawaida haimo katika orodha hiyo. Aliyekuja kwa viza ya mwenza, ama ya mume au mke, ama ya kumfuata mwanafunzi, asihangaike na pango kabla ya kumwona mwanasheria wa uhamiaji, kwani kuvunjika kwa uhusiano kunaweza kukata viza yenyewe. Na kama uhusiano umevunjika kwa sababu ya kupigwa au kunyanyaswa, upo utaratibu maalumu wa kupewa ruhusa ya miezi mitatu yenye haki ya msaada wakati mtu anatafuta njia. Wanasheria wa jambo hili wasio na malipo wapo. Wale wa kwenye kona ya duka la simu tunawashauri wapitwe kwa salamu tu.

Rafiki zake walimshauri dada huyu akodishe chumba cha pili. Ushauri mzuri, wenye miiba miwili. Kwanza ni lazima mwenye nyumba akubali. Pili, mgeni huyo akiwa mfanyakazi, nyumba si ya wanafunzi peke yao tena, na kodi ya kaunsili inarudi kwa asilimia 75, ankara ikiwa kwa jina la mpangaji mkuu. Akampata mwanafunzi wa kike kutoka Eritrea, akalipa 400 kwa mwezi. Fedha hiyo haikatwi kodi ya mapato, maana anayepangisha chumba ndani ya nyumba anayoishi mwenyewe anaruhusiwa hadi pauni 7,500 kwa mwaka. Chuo kikampa kutoka mfuko wa dharura kiasi kilichofuta malimbikizo. Ndivyo alivyofika Agosti 2025 bila kufika mahakamani.

Sheria mpya

Anayepanga sasa asidhani atapita njia ile ile, kwa sababu sheria imebadilika. Sheria ya Haki za Wapangaji ilitiwa saini Oktoba 2025, na kwa nyumba za watu binafsi England sehemu yake kubwa ni ya kuanzia tarehe 1 Mei 2026. Imeondoa ile notisi ya kumtoa mpangaji bila sababu iliyokuwepo tangu Sheria ya Makazi ya 1988, na imeondoa mikataba ya muda maalumu. Upangaji wote unakwenda mwezi hadi mwezi, na mpangaji anayetaka kuondoka anatoa notisi ya miezi miwili. Kwa anayedaiwa, mahakama inalazimika kumtoa akifikisha malimbikizo ya miezi mitatu, badala ya miwili ya zamani.

Vyombo vya habari vimeisifu, nasi tunaisifu. Dada yetu angekuwa chini ya sheria hii, asingefungwa na mkataba mpaka Agosti. Lakini kwa wapangaji wawili waliogombana ina upande wa pili. Tangu uamuzi wa Mabwanyenye wa Bunge mwaka 1991 katika kesi ya Hammersmith dhidi ya Monk, mmoja wa wapangaji wa pamoja wa mwezi hadi mwezi akitoa notisi halali, upangaji unakufa kwa wote wawili, hata kama yule mwingine hakuulizwa. Mahakama Kuu ya Juu iliurudia msimamo huo Novemba 2014 katika kesi ya Bwana Sims, ambaye mkewe aliandika notisi baada ya kutengana, na bwana akapoteza nyumba ya kaunsili. Zamani jambo hili liliwakuta zaidi wa nyumba za kaunsili. Sasa kwa kuwa kila upangaji ni wa mwezi hadi mwezi, aliyeondoka kwa hasira anaweza kwa barua moja kumwachia mwenzake miezi miwili ya kutafuta pengine pa kulala, katikati ya mitihani.

Kinga ipo, ila haingoji. Mahakama ina uwezo chini ya Sheria ya Familia ya 1996 wa kuhamishia upangaji kwa mmoja, na safari hii hata wasiooana wanahusika. Lakini upangaji unaohamishwa lazima uwe hai. Notisi ikishafanya kazi hakuna cha kuhamisha. Njia nyepesi zaidi ni kumwendea mwenye nyumba mapema na kuomba mkataba mpya kwa jina moja. Wengi hukubali wakiona pango linalipika, kwani nyumba tupu haina faida kwao.

Kupata nyumba mpya nako kumebadilika. Mwanafunzi asiye na mdhamini alikuwa akiambiwa atangulize miezi sita, na tunawajua waliokopa upatu wote kwa ajili hiyo. Chini ya sheria mpya mwenye nyumba haruhusiwi kudai zaidi ya mwezi mmoja wa mbele. Hofu yetu ni kwamba madalali sasa watashikilia mdhamini, tena mwenye mshahara mnono na anayeishi Uingereza. Ni watu wangapi miongoni mwetu wenye ndugu wa namna hiyo? Baadhi ya vyuo hukubali kumdhamini mwanafunzi wao. Inafaa kuuliza kabla ya kwenda kuona nyumba.

Na wale wanaokimbilia vyumba katika nyumba za wanafunzi wajue kwamba sheria imewaachia wenye nyumba hizo mwanya. Nyumba ya wanafunzi watatu au zaidi inaweza kudaiwa irudishwe kati ya Juni na Septemba kwa notisi ya miezi minne, ili ipangishwe kwa kundi jipya. Kwa kijana ni likizo, anakwenda kwa wazazi wake. Mtu wa miaka 42 atakwenda likizo wapi?

Akiona paa linakaribia kumtoka, kaunsili inawajibika kumsaidia anayestahili ambaye atakosa makazi ndani ya siku 56, kwa sheria iliyoanza Aprili 2018. Wengi wetu huenda siku ya 55, begi likiwa mlangoni, wakati mshauri hana tena cha kushauri. Citizens Advice na Shelter hutoa ushauri bure, na hawapeleki habari kwa mtu yeyote msikitini wala kanisani.

Kuhusu kuahirisha mwaka wa masomo, jambo ambalo ndilo la kwanza kumjia mtu aliyechoka: mkopo husimama mtu anaposimama, na fedha zilizolipwa kwa siku ambazo hakusoma zinaweza kudaiwa. Pango halisimami. Tumeona watu wanne wakiahirisha kwa sababu ya pango, na aliyerudi darasani ni mmoja.

Dada wa Tanga hakuahirisha. Agosti 2025 alirudisha funguo na kuhamia chumba katika nyumba ya wauguzi watatu waliokwisha hitimu, pauni 520 kwa mwezi, umeme na maji ndani yake. Amana ilirudi nzima, 1,107, maana malimbikizo yalikuwa yamelipwa na kuta alizisugua mwenyewe kwa siki. Siku ya tatu ukaingia ujumbe kutoka kwa dereva wa lori, aliyekuwa hajaandika tangu Desemba, akiuliza nusu yake. Alimjibu kwa kumpigia picha barua ile ya Februari na kuituma bila neno.